Umetoka irjansi, hofu imebaki kifuani

Kila tarehe 29 Septemba, Siku ya Moyo Duniani, sisi wa hospitali tunapima watu tensheni (presha ya damu) hapa Lubumbashi, na maswali ni yaleyale: chumvi, mafuta, pombe. Safari hii nazungumzia hofu inayomfuata mgonjwa hadi nyumbani.

Mama mmoja wa Katuba, muuza makala ya kupikia, alipata shambulio la moyo, akatibiwa irjansi, yaani kitengo cha dharura, akaruhusiwa. Wiki ya tatu watoto wakaona analala ameketi, kiganja kifuani, anahesabu mapigo. Umeme ukikatika na onduleri ya jirani (betri ya akiba ya umeme) ikalia tii, tii, anatoka nje mbio. Mlio kama huo aliusikia usiku ule aliyelala kitanda cha pili alipofariki. Vidonge aliacha. Hakusahau: akishika boksi tu, usiku ule unarudi.

Ndugu zake wakasema katupiwa kitu kulekule hospitali. Jamani, tumechoka kujibu hili! Si uchawi, wala si wazimu. Ni kiwewe. Mwaka 2012 watafiti walijumlisha tafiti 24, wakakuta karibu mgonjwa 1 kati ya 8 wa shambulio la moyo anabaki na dalili za kiwewe, na hatari yake ya kushambuliwa tena au kufa ni kama maradufu. Irjansi iliyojaa inachangia: kelele, machela koridoni, hakuna anayekueleza kinachoendelea. Hapo kosa ni letu. Lakini watu kumi kuzunguka kitanda nao hawasaidii. Gadi-maladi, anayekaa na mgonjwa, ni mmoja.

Kiwewe kinatibika kwa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, ila lazima utuambie. Njoo kontroli (kuangaliwa tena) kwa tarehe iliyoandikwa, na fishi, kadi yako ya hospitali, na maboksi yote ya dawa, hata yaliyoisha. Fishi inapita dirishani kwanza, kisha tensheni, kisha daktari. Ukiruka tarehe, faili linarudishwa stoo na unalipia fishi mpya. Dawa za moyo usizikate ghafla, hata kama pasta amesema umepona.

Na maumivu ya kifua yakirudi yasiachie, na jasho baridi, usijiambie ni hofu tu. Hapo ni irjansi, hata usiku wa manane, na hatuulizi fishi.

Kwa kontroli, dirisha linafungwa saa nne asubuhi. Anayefika saa tano asimgombeze binti wa dirishani.