Kiti cha mtoto garini: nitajie kilo na sentimita, umri tutauzungumza baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mtoto wangu ametimiza mwaka, nimnunulie kiti gani cha gari?" Najua jibu langu huwaudhi wengi, kwa kuwa najibu swali kwa swali. Ana kilo ngapi? Ana urefu wa sentimita ngapi? Na gari lenyewe ni la aina gani? Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kilo kadhaa wakifikisha miaka miwili, na kiti kinachomfaa mmoja kikawa kimeshamkataa mwenzake. Umri unaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni makadirio ya kumrahisishia muuzaji kazi. Vipimo vya kweli viko kwenye lebo iliyobandikwa kwenye kiti na kwenye kijitabu cha maelekezo, kile ambacho wengi wetu hukitupa pamoja na boksi.

Kazi yangu ni kukagua viti vya watoto na kuwaonyesha wazazi namna ya kuvifunga. Kosa ninaloliona mara nyingi si kununua kiti duni, ni haraka. Mzazi humhamishia mtoto kiti kinachofuata kwa furaha ileile ya kuona amepanda darasa. Kumbe kwenye viti vya gari mambo yako kinyume: karibu kila anapohamishwa mbele, mtoto anapoteza sehemu ya kinga aliyokuwa nayo. Anayehama anapaswa awe amelazimika kwa sababu kiti cha zamani kimemshinda, si kwa sababu kipya ni bora.

Hili linaonekana wazi zaidi katika kumgeuza mtoto atazame mbele. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina mwendo wa kitu kilichoanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi. Likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200. Ndiyo maana kumpakata hakusaidii kitu. Hakuna mikono ya kuzuia hilo, hata ya mama. Sasa mtazame mtoto mwenyewe. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Pingili za shingo yake bado hazijawa mfupa mmoja mmoja kamili: kila moja ni vipande vilivyounganishwa kwa gegedu, na huendelea kuungana hadi kati ya miaka mitatu na sita. Akiwa ametazama mbele, mikanda inakamata mabega, kichwa kinaendelea na safari peke yake, na shingo ndiyo inayobeba mzigo wote. Akiwa ametazama nyuma, gamba la kiti linapokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja, na nguvu inatawanyika mgongo mzima.

Jambo hili si geni. Bertil Aldman, daktari na mtafiti wa Uswidi, alilichukua kutoka kwenye viti vya wanaanga wa Marekani, ambao walilazwa migongo yao ikipokea nguvu ya kurushwa angani. Mwaka 1964 Volvo wakajaribu kiti cha kwanza cha mtoto kinachotazama nyuma. Mpaka leo huko Uswidi ni kawaida kabisa mtoto kutazama nyuma hadi karibu miaka minne. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho, mwaka 2018, kiliacha kutaja umri wa miaka miwili kama mpaka, kikasema mtoto abaki hivyo kwa muda wote ambao uzito na urefu ulioruhusiwa na kiti chake haujafikiwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka atazame nyuma hadi miezi 15 kwa uchache. Miezi 15 ni sakafu, si lengo. Ile kanuni ya zamani, namba 44, iliruhusu mtoto kugeuzwa akifika kilo 9, na mtoto mnene anafika huko kabla hajatembea. Naamini hapo ndipo ilipotoka dhana ya "amefika kilo tisa, mgeuze", ambayo bado naisikia.

Pingamizi huwa ni miguu: "Anabanwa, magoti yamekunjana." Watoto hukunja miguu hata wakiwa na sebule nzima ya kuinyoosha. Na mguu uliovunjika hufungwa plasta ukapona. Shingo haina plasta ya namna hiyo.

Kwa mtoto mchanga, basi, unachagua kati ya viti viwili. Kipo kile chepesi chenye mpini, kinachochomolewa na kubebwa, na kipo kikubwa kinachoweza kutazama nyuma kwanza na mbele baadaye. Kile cha mpini humkaa mchanga vizuri sana, lakini watoto wengi hukizidi kwa urefu kabla ya kukizidi kwa uzito. Angalia utosi ulipo ukilinganisha na ukingo wa juu wa gamba. Viti vingi vinataka ibaki nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi. Kile kikubwa kinaokoa pesa, ila kabla ya kulipa tazama tundu la chini kabisa la mikanda. Mtoto akitazama nyuma, mikanda inatakiwa itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Tundu la chini likiwa usawa wa masikio ya mchanga wako, kiti hicho bado si chake, hata boksi likisema "tangu kuzaliwa". Vile viti vinavyojitangaza kuwa vitamtosha tangu siku ya kwanza hadi miaka kumi na miwili huwa navitazama kwa jicho la mashaka. Baadhi ni vizuri, lakini vingi havimkai mtoto vizuri mwanzoni wala mwishoni.

Mwinamo nao ni muhimu kwa mchanga. Kiti kikisimama sana, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Viti vingi vina mstari au kipimo cha rangi pembeni cha kukuongoza. Kisome gari likiwa mahali tambarare. Kwa sababu hiyohiyo, mkifika, mtoeni. Mtoto aliyelala garini akabebwa na kiti chake mpaka sebuleni, akaachwa humo saa mbili "asiamke", hayuko mahali salama pa kulala.

Jambo moja halina mjadala: kiti kinachotazama nyuma hakikai mbele ya eabegi, yaani mfuko wa hewa wa gari, inayofanya kazi. Mfuko ule hufumuka kwa kasi kubwa na unaupiga mgongo wa kiti palepale kilipo kichwa cha mtoto. Nyuma ndiko kwake.

Kuhusu kufunga, watu hudhani ISOFIX, yaani viungio vya kunasisha kiti moja kwa moja kwenye vyuma vya gari, ina nguvu kuliko mkanda wa gari. Faida yake kubwa ni kwamba ni vigumu kuikosea. Kiti kilichofungwa vyema kwa mkanda kinalinda vizuri tu. Kijaribu kwa kukitikisa pale mkanda unapopita: kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu upande wowote. Viti vingine vina mguu wa kukanyagia sakafu. Hapo uliza kama gari lako lina kisanduku cha kuhifadhia vitu chini ya sakafu, kwa sababu mguu haupaswi kusimama juu ya kifuniko chake mpaka kitabu cha gari kiruhusu. Vingine vina mkanda wa juu unaokwenda nyuma ya siti ya gari. Naukuta umenasishwa kwenye kulabu ya kufungia mizigo ya kwenye buti, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mikanda ya mtoto ipime kwa vidole. Jaribu kuufinya mkanda begani. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Mvue sweta nene au koti kwanza, umfunike nalo baada ya kumfunga. Na akishageuzwa mbele, kanuni ya mabega inageuka: mikanda itokee usawa wa mabega au juu yake.

Kiti cha mtumba sikikatai, ila nataka historia yake. Kama huwezi kumuuliza aliyekitumia iwapo kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogonga, kiache. Tafuta tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye plastiki, na lebo yenye herufi E ndani ya duara au ya viwango vya nchi kilikotoka. Vya kanuni ya 44 viliacha kuuzwa Ulaya mwaka 2024, hivyo utavikuta vingi vikizunguka kwa bei ya chini. Vingi bado vinafaa, lakini usifuate zile kilo 9 zao.

Tunabaki na busta, kiti cha kumwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae. Busta haimshiki mtoto. Inauweka mkanda juu ya mifupa badala ya nyama laini. Mifupa ya nyonga ya mtoto haijachomoza vya kutosha kuuzuia mkanda wa kiunoni, kwa hiyo bila kuinuliwa unapanda tumboni, na katika ajali unabana utumbo na ini. Mtoto wa chini ya miaka minne hayuko tayari kwa busta hata kama uzito unaruhusu: atajipinda, atalala kando, atautoa mkanda begani. Chagua yenye mgongo na mbawa za kukinga kichwa pembeni. Zisizo na mgongo, katika viti vipya vya kanuni za Umoja wa Mataifa, huidhinishwa kwa mtoto aliyezidi sentimita 125 tu, japo zile za zamani bado ziko mitaani.

Na aache lini busta? Sheria za nchi hutaja sentimita 135, 145 au 150. Mimi namkalisha kwenye siti tupu na kutazama: mgongo umegusa siti mpaka chini, magoti yanakunjika ukingoni, mkanda wa kiunoni uko juu ya mapaja, wa begani unapita katikati ya bega bila kugusa shingo, na anaweza kukaa hivyo safari nzima. Lile la mwisho lipime mwisho wa safari, si mwanzoni; nusu saa ikipita wengi wameteleza na mkanda uko tumboni. Akishindwa hata moja kati ya hayo, busta inarudi.