Dola 2.13: mshahara ulioganda tangu 1991

Ukiuliza watu kampuni kubwa hupindaje sera za serikali, wengi watakujibu: hongo. Mimi ninayefundisha sheria za kazi huanza somo kwa kuwaomba wasahau bahasha ya chini ya meza. Mambo makubwa hufanywa mchana kweupe, tena kihalali, ndani ya kifungu ambacho hakuna anayekisoma.

Chukua Marekani. Mhudumu wa mgahawa anayepokea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa. Kiwango hicho cha serikali kuu kilianza mwaka 1991, kima cha chini cha mshahara kilipokuwa dola 4.25. Mhudumu alipewa nusu, ikihesabiwa kwamba nusu ya pili italetwa na mteja. Angalau nusu hiyo ilifungwa kisheria: kima kikipanda, naye anapanda.

Mwaka 1996 ikaja hoja ya kupandisha kima hadi dola 5.15. Chama cha wenye migahawa, National Restaurant Association, ambacho mfanyabiashara Herman Cain alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kilikuwa na washawishi (watu wanaolipwa kuwashawishi watunga sheria) wenye nguvu Washington. Agosti mwaka huo Rais Bill Clinton alitia saini sheria, watu wakapiga makofi. Kima kilipanda kweli. Lakini humohumo ndani ile kamba ilikatwa, na 2.13 ikaachwa ilipo. Ipo hapo hadi leo, ingawa kima cha kawaida kimefika dola 7.25 tangu 2009.

Piga hesabu: saa 40 kwa wiki ni dola 85.20, kabla ya kodi, ambayo hukatwa hata kwa bakshishi. Kodi hiyo ikishameza mshahara, wapo wanaopokea hundi isiyo na kitu. Mwenye nyumba hasubiri wateja warudi baada ya wiki ya theluji.

Majimbo saba, yakiwemo California na Minnesota, yalikataa mtindo huu; huko mhudumu hulipwa kima kamili, na bakshishi ni nyongeza. Mkongomani anayehudumia meza Texas au Kentucky yuko kwenye 2.13, mwenzake wa Minneapolis, jimboni Minnesota, hayuko, na sahani ni zilezile. Jijini Washington wapiga kura walifuta mshahara huo mdogo mwaka 2018, baraza la jiji likaubatilisha uamuzi wao miezi michache baadaye. Ilibidi wapige kura tena 2022.

Linalonikera zaidi ni hili. Katika baadhi ya majimbo mfanyakazi wa mgahawa hutakiwa kuwa na cheti cha usalama wa chakula, na kozi inayotumika sana, ServSafe, ni mali ya chama hichohicho. Mara nyingi mfanyakazi hulipa takriban dola 15, na fedha hizo huingia mfuko wa wanaopinga nyongeza yake.

Kama una ndugu katika kazi hii, mwambie aandike bakshishi zake kila siku. Zikijumlishwa na mshahara zisifike 7.25 kwa saa, mwajiri lazima ajazie pengo. Meneja haruhusiwi kugusa bakshishi za wahudumu. Malalamiko hupelekwa Wizara ya Kazi, kitengo cha mishahara na saa za kazi, na kwa kawaida madai yanayozidi miaka miwili nyuma hayapokelewi, ila mwajiri akionekana kukusudia, huongezwa hadi mitatu.