Je, wajua kwa nini kabila la wavuvi Marekani huajiri mwanabiolojia wake?

Jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, lina idara yake ya samaki na wanyamapori. Lakini kabila la Nisqually, ambalo maisha yake yamefungamana na mto wa jina hilohilo, lina wataalamu wake wanaohesabu samoni walewale, samaki wanaozaliwa mtoni, kukulia baharini na kurudi mtoni kutaga, ndani ya maji yaleyale. Kwa nini samaki mmoja ahesabiwe na serikali mbili?

Tuanze na neno "kabila", maana huko halina maana tuliyoizoea. Katika sheria ya Marekani kabila la Wahindi Wekundu ni serikali: lina baraza, na mara nyingi mahakama, polisi na ofisi ya maliasili. Yanayotambuliwa hivyo yamezidi 570.

Desemba 1854, pale Medicine Creek, Gavana Isaac Stevens wa eneo la Washington alitia saini mkataba na Wanisqually na majirani zao. Waliachia ardhi, wakabakiza haki ya kuvua katika maeneo yao ya kawaida "kwa pamoja na raia wote". Kubakiza si kupewa, na hapo ndipo penye uzito wa jambo zima. Jimbo lilipuuza haki hiyo kwa miongo mingi. Billy Frank Jr., Mnisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, kwa kosa la kuvua, na baadaye akakamatwa mara zaidi ya 50. Tarehe 12 Februari 1974, Jaji George Boldt aliamua kwamba maneno yale ya mkataba yana maana ya kugawana: makabila yana haki ya kupata hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na ni wasimamizi wenza pamoja na jimbo. Mahakama ya Juu ya nchi iliuunga mkono uamuzi huo kwa sehemu kubwa mwaka 1979. (Tanzania ni kinyume: wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na jumuiya za vijiji hupewa haki ya kuwatumia.)

Sasa, nusu ya kitu gani? Si nusu ya samaki wote. Kwanza hutengwa samaki wa mbegu, yaani wanaoachwa wapande mto kutaga. Kinachobaki ndicho hugawanywa. Chukua mfano wa kubuni: makadirio ni samaki 40,000, wa mbegu 25,000. Wanabaki 15,000, kabila lichukue 7,500. Sasa tuseme makadirio yalizidi na waliorudi ni 32,000. Wa mbegu hawapungui, kwa hiyo wanabaki 7,000 na fungu la kabila ni 3,500. Kosa la asilimia 20 limefyeka zaidi ya nusu ya mavuno. Mwenye kushika hesabu ndiye mwenye kushika samaki, na hakuna kabila lililokuwa tayari kumwachia jimbo kalamu peke yake baada ya yale yaliyotokea. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 1974 makabila ya magharibi mwa jimbo yaliunda tume yao ya uvuvi, Northwest Indian Fisheries Commission. Kila mwaka kabla ya msimu pande mbili hukaa mezani, kila upande na takwimu zake, hadi zikubaliane.

Takwimu hizo hutoka wapi? Masika, vifaranga wanaposhuka kwenda baharini, hutegwa kwa mtego wa pia, yaani wenye umbo la koni: pia kubwa ya chuma, yenye mdomo wa mita 1.5 au 2.4, inayozungushwa na mkondo na kuwasukumia samaki kwenye sanduku la maji. Mtego haunasi wote, hivyo hupimwa uwezo wake. Vifaranga 500 hupakwa rangi na kurudishwa juu ya mto. Wakinaswa tena 50, mtego unakamata asilimia 10. Kama jumla ya walionaswa ni 3,000, waliopita ni kama 30,000. Mvua kubwa ikileta magogo, mtego hukwama, sanduku hujaa takataka na vifaranga hufa. Kwa hiyo usiku wa mafuriko ndio usiku wa kazi, au wa kuinua mtego na kukubali pengo katika takwimu.

Vuli huhesabiwa viota. Samoni jike huchimba changarawe kwa mkia, na shimo lake huonekana jeupe kuliko sakafu ya mto. Mtaalamu hutembea mtoni kila baada ya siku 7 hadi 10, amevaa miwani ya kuondoa mng'ao wa maji, akifunga utepe wenye tarehe kwenye tawi lililo karibu na kila kiota kipya. Kwa samoni aina ya Chinook katika eneo la Puget Sound, kiota kimoja huhesabiwa kuwa samaki 2.5, basi viota 200 ni samaki 500. Mizoga hukatwa mkia ili isihesabiwe tena. Jike huweza kuchimba shimo la majaribio bila kutaga, na mgeni wa kazi hulihesabu kama kiota. Miaka ya witiri ni migumu zaidi, kwa sababu samoni wa pinki huja kwa wingi na kuchimba juu ya viota vya Chinook.

Vifaranga wengine huwekewa puani kipande cha waya chenye msimbo wa kutambulisha kundi lao, urefu milimita 1.1. Samaki akivuliwa, kichwa hukatwa na kupelekwa maabara, waya ukasomwa chini ya hadubini. Kichwa kisicho na lebo ya tarehe na mahali hakina faida.

Anayetaka kazi hii husoma shahada ya miaka minne, kwa mfano Salish Kootenai College huko Montana, chuo cha kikabila chenye shahada ya wanyamapori na uvuvi. Wengi huanza kama mafundi wa nyanjani. Wasiojua takwimu hawafiki mbali, kwa sababu kila namba huweza kuishia mahakamani.

Mwaka 2001 makabila yalilishtaki jimbo kwa sababu ya makalavati ya barabarani yanayozuia samoni. Ushahidi ulitegemea vipimo vya kawaida: maji yakianguka kutoka mdomo wa kalavati zaidi ya sentimita 24, au bomba likiinama kwa asilimia 1 au zaidi, hapo panahesabiwa kizuizi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iligawanyika 4 kwa 4, hukumu ya chini ikabaki, na jimbo likalazimika kubomoa na kujenga upya.