Mito Miwili Ikikutana, Usiamini Ramani

Kwenye ramani, makutano ya mito ni jambo la sekunde moja: mistari miwili ya bluu inagusana, unabaki mmoja. Sisi tunaopima maji kazi yetu ngumu inaanzia hapo hapo. Mto mmoja unaweza kuuzuia mwenzake usishuke. Inaweza kwenda ubavu kwa ubavu kilomita kadhaa bila kuchanganyika. Na ule wenye jina kubwa unaweza kuwa ndio wenye maji machache.

Nianze na Rufiji. Ukitafuta chanzo cha mto wenye jina hilo mlimani hutakipata, kwa sababu jina lenyewe linaanzia kwenye makutano: Kilombero na Luwegu inaungana penye maporomoko ya Shughuli, na kuanzia hapo ndipo watu wanasema Rufiji. Ruaha Mkuu unaingia chini zaidi, karibu na korongo la Stiegler.

Muulize mwanafunzi tawi kubwa la Rufiji ni lipi, atakujibu Ruaha Mkuu, na kwa eneo yuko sawa kabisa. Bonde zima la Rufiji lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, na Ruaha Mkuu umechukua asilimia 47 hivi. Sasa angalia maji. Ruaha unaleta takriban asilimia 15 tu. Kilombero, wenye chini ya robo ya eneo, unaleta kama asilimia 62. Luwegu unachangia asilimia 18 hivi, na kinachobaki kinatoka sehemu za chini.

Sababu kubwa ni milima ya Udzungwa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinapanda milima hiyo, zinapoa, zinamwaga mvua upande wa Kilombero. Zikivuka zimeshakauka, kwa hiyo nyuma ya milima, kuelekea Dodoma, nchi ni kavu na jua linakula maji kabla hayajafika mtoni. Ongeza mashamba ya mpunga ya Usangu, uwanda wa juu wa Ruaha Mkuu, yanayochota maji yake. Maji ya Usangu yanatulia kwanza kwenye ardhioevu ya Ihefu, ambayo inatoka kwa mlango mmoja wa mwamba unaoitwa Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya ule mwamba, hakuna tone linalovuka. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ingawa chini zaidi mabwawa ya Mtera na Kidatu yanaufanya uendelee kutiririka. (Wanaolaumu wakulima wa mpunga peke yao wanasahau kwamba hata bila shamba moja, Ruaha usingeufikia Kilombero kwa maji.)

Sasa njoo mahali penyewe pa kukutania. Ukisimama ukingoni siku mto mmoja una tope na mwingine ni mweupe, utaona mstari katikati. Mstari huo una povu, majani makavu na vijiti, kwa sababu maji ya pande zote mbili yanasukuma takataka kwenda pale yanapogusana, na kwa kuwa kasi zake hazilingani, vinazuka vizingia vidogo vinavyosafiri na mkondo. Chini ya mstari huo maji yanapiga mbizi na kuchimba shimo, kwa hiyo mara nyingi ndipo penye kina kirefu kuliko mto wowote kati ya hiyo miwili. Kwenye kona ya chini, upande ule mto mdogo ulikoingilia, maji yanalegea na mchanga unatua. Misimu ikipita, pale panaota matete.

Kuchanganyika kunachukua umbali kuliko watu wanavyofikiri. Kule Manaus, Brazili, maji meusi ya Rio Negro na ya tope ya Solimões yanakwenda bega kwa bega kilomita zipatazo 6 yakionekana wazi kwa macho. Upana ndio unaoamua zaidi: ukiongezeka mara mbili, kina na mteremko vikibaki vilevile, umbali huo unakuwa kama mara nne.

Halafu kuna suala la nani kafika wakati gani. Khartoum, Nile Nyeupe na Nile ya Bluu inapokutana, ndipo panapofundisha vizuri. Nile Nyeupe hautofautiani sana mwaka mzima, na unateremka taratibu mno. Nile ya Bluu unakuja na mvua za milima ya Ethiopia, unajaa ghafla mwezi wa Agosti, na Nile Nyeupe unalazimika kungoja, kama magari ya barabara ndogo yanayosubiri barabara kuu ipungue. Maji yanajaa nyuma kwa kilomita nyingi. Bwawa la Jebel Aulia, lililokamilika mwaka 1937 kusini mwa Khartoum, lilijengwa kufanya jambo hilohilo kwa makusudi: kushika maji ya Nile Nyeupe mwenzake anapofurika, na kuyaachia baadaye maji yanapopungua.

Kwa mpimaji hilo ni balaa. Simika kibao cha kupimia kina juu kidogo ya makutano, na masika kitakudanganya: kina kinapanda, jedwali la kugeuza kina kuwa kiasi cha maji linakwambia mto umefurika, kumbe mto wako umesimama tu na aliyejaa ni jirani. Kishushe chini kidogo ya makutano, kina kitakuwa sahihi, lakini ukichota chupa ya maji upime tope umepima mto mmoja tu, kutegemea ukingo uliosimama. Kwa hiyo tunatafuta sehemu iliyonyooka, mbali kiasi na makutano, juu na chini.

Kisha tunajumlisha. Maji ya mito miwili ya juu, ukizingatia muda yanaotumia njiani, yanapaswa kukaribiana na ya kituo cha chini. Yasipokaribiana, vijana wengi wanakimbilia kukagua mto mdogo. Mimi naanza na mkubwa. Kosa la asilimia 10 kwenye Kilombero ni sawa na kama asilimia 40 ya maji yote ya Ruaha Mkuu.