Kamba, polisi au Mirembe? Tunayoyaamini kuhusu mtu aliyechanganyikiwa ghafla

Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, tangu 1927 na utani wetu bado ni ule ule, mtu akiongea kitu hukielewi unamwambia "wewe wa Mirembe". Afu siku mtu anachanganyikiwa kweli pale sokoni Majengo, watu wanajua njia mbili tu, kamba au polisi. Ukiwaambia kuna miji ina gari la kwenda kumtuliza mtu wa hivyo bila bunduki wala pingu, hoja zinaanza.

"Watauliwa hao." Hii ndo huwa ya kwanza, kwamba wahudumu wa hilo gari watauliwa. Sasa angalia Denver, Marekani, mpango wao unaitwa STAR, ulianza Juni 2020 na gari moja tu, ndani yupo mtaalamu wa afya ya akili na mhudumu wa ambulensi, mwanzoni walikuwa wanazunguka siku za kazi saa 4 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Miezi 6 ya mwanzo walienda kwenye matukio 748 na hakuna hata moja lililoishia mtu kukamatwa. Siyo kwamba ni majasiri kuliko sisi, simu zinachujwa, anayepokea anauliza kwanza ana silaha? kaumiza mtu? kama ndiyo, polisi ndo wanaenda. Kwa hiyo na ile ya "wanataka kufuta polisi" haina mashiko.

"Sasa wanaenda kupiga stori tu?" Eeh, na hiyo ndo kazi yenyewe, jaribu uone. Anayeongea ni mmoja. Anataja jina lake, anasimama pembeni kidogo asizibe mlango, mikono inaonekana, sauti chini, anauliza umekula leo? nikupe maji? Akinyamaza dakika kumi na yeye anasubiri. Kwetu watu thelathini wamemzunguka, kila mmoja anafoka "tulia!", vijana wa bodaboda wanarekodi, mama mmoja anakemea pepo, jamani hata wewe mzima ungetulia hapo?

"Karogwa huyo" au "bangi hizo". Inawezekana ni bangi, ila ndo maana kwenye gari yupo mhudumu wa ambulensi. Anatoboa kidole anapima sukari. Mwenye kisukari ikimshuka anatokwa jasho, anaongea ovyo, anaweza kurusha ngumi utadhani kalewa. Malaria ikipanda kichwani hivyo hivyo, aliyetoka kwenye kifafa hivyo hivyo, na mlevi wa siku nyingi akiacha pombe ghafla anaweza kuona wadudu ukutani. Sasa wewe umemfunga, umemlaza kifudifudi kwenye bajaji na mtu kamkalia mgongoni, huyo anaweza kukosa pumzi akafa kabla hamjafika popote.

"Wakija ni kumbeba tu." Hapana, wengi wanamalizana nao pale pale, au wanamrudisha kwa ndugu na siku ya kliniki. Na hata Mirembe kuna watu wanaenda asubuhi, wanachukua dawa, mchana wako nyumbani.

Kuna hii ya "usimuulize kama anataka kujiua, utampa wazo". Siyo kweli, muulize waziwazi, wengi wanapata nafuu kwamba mtu kathubutu kuuliza. Kwetu shida ni nyingine, kujaribu kujiua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, kwa hiyo familia ikisikia "ita polisi" inafunga mlango na kunyamaza. Mimi naona hii peke yake inatosha kutaka gari ambalo siyo la polisi.

"Hayo ni ya matajiri." Hapo nusu nusu. Kupiga simu bure ukafuatwa tayari tunafanya, mama mjamzito anapigiwa 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura wa wajawazito, na kama ambulensi haipo anafuatwa na dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Ila hela ni tatizo kweli, tusidanganyane. CAHOOTS, huduma kama hiyo ya mji wa Eugene kule Oregon, Marekani, ambayo ndo wengi waliiga, ilianza 1989 na Aprili 2025 ikasimama mjini hapo, pesa ziligoma.