Je, wajua kwa nini timu za Marekani hutoa mchezaji nyota ili zipate zamu?

Ukitaja drafti kijiweni, mtu atavuta ubao na kumwaga vizibo vya soda. Marekani, drafti ya mpira ni kitu kingine. Ni siku tatu za mwezi Aprili ambazo timu 32 za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira uliochongoka ncha zote mbili, hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Hakuna kupanda dau. Zamu ya timu ikifika inataja jina moja, na kijana akishatajwa hana ruhusa ya kuzungumza na timu nyingine. Raundi ni saba. Zamu ya kwanza kabisa ni ya timu iliyoshika mkia msimu uliopita.

Shabiki wa Simba au Yanga akisikia hivyo lazima acheke. Kwetu anayeshika mkia anashuka daraja. Huko anapewa kuchagua kwanza. Lakini ukikaa ukawasikiliza mashabiki wa huko wakibishana, utakuta kituko kikubwa zaidi. Sehemu kubwa ya ubishi wao haihusu nani anajua mpira. Inahusu zamu: tutoe zamu yetu ya 12 pamoja na ile ya kwanza ya mwakani ili tupande hadi ya 3, au tutulie palepale? Timu zinauziana haki ya kumchagua kijana ambaye pengine hata chuo hajamaliza. Na mara nyingine mchezaji ambaye kila mtu anamjua anatolewa, kinachopokelewa ni zamu tupu. Kwa nini?

Utaratibu wenyewe uliletwa na mtu aliyechoka kushindwa. Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, alimtaka Stan Kostka wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Kostka akafanya kama ambavyo mchezaji yeyote mwenye akili angefanya: akaziacha timu zipandishiane dau, mwishowe akasaini Brooklyn. Bell akawaendea wamiliki wenzake na hoja kwamba timu zenye fedha zinapata wachezaji wazuri, kwa hiyo zinashinda, kwa hiyo zinajaza viwanja, kwa hiyo zinapata fedha zaidi, na waliobaki wanakufa polepole. Mei 1935 wakakubali, hata George Halas wa Chicago Bears na Tim Mara wa New York Giants, ambao mfumo wa zamani ulikuwa ukiwanufaisha. Usidhani ilikuwa huruma tupu. Mchezaji mwenye mnunuzi mmoja tu hana pa kwenda kutishia, na bei yake inashuka. Hilo hakuna mmiliki aliyehitaji kufundishwa.

Drafti ya kwanza ilifanyika tarehe 8 Februari 1936 katika hoteli ya Ritz-Carlton, Philadelphia: timu 9, raundi 9, majina 81. Eagles ndio waliokuwa mkiani, basi Bell akamtaja Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Berwanger akataka fedha ambazo Bell hakuwa nazo. Bell akaipeleka haki yake kwa Halas; Halas naye hakufika bei. Mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika historia ya NFL hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo.

Timu haishuki daraja kwa sababu ligi inaendeshwa kama ushirika. Fedha za televisheni za taifa zima hugawanywa sawa, jambo lililoruhusiwa na sheria ya mwaka 1961, na ndiyo maana Green Bay, mji wa watu kama laki moja, una timu inayotunishiana misuli na zile za New York. Mtu hamfukuzi mbia wake kwa sababu amefungwa mechi nyingi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo zamu inapogeuka kuwa mali. Tangu mwaka 1994, ukiacha 2010, kila timu ina kikomo cha fedha inazoweza kutumia kwa wachezaji. Mwaka huo kilikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Tajiri na asiye tajiri, kibindo ni kilekile. Kwa hiyo swali la shabiki anayeuelewa mchezo si "nani bora?" bali "nani anatoa kazi kubwa kuliko fedha anazokula?" Nyota anayelipwa kama nyota hajakuongezea kitu mezani, umepata ulichokilipia. Faida iko kwa anayecheza kama nyota huku akilipwa kama mgeni, yaani kijana aliyeingia ligi juzi.

Na mgeni hulipwa kufuatana na nambari aliyochaguliwa. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza na St. Louis, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika, kabla hajarusha mpira hata mmoja kwenye ligi. Wakongwe wakanung'unika, nao wamiliki wakanung'unika zaidi. Mwaka 2011 chama cha wachezaji na wamiliki wakatia saini makubaliano mapya, na Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, akapata miaka minne kwa takribani milioni 22. Nafasi ileile, mwaka mmoja tu baadaye. Tangu hapo, kuwa na zamu ni kuwa na haki ya kumtumikisha kijana miaka minne kwa bei iliyokwishapangwa, na kwa wale wa raundi ya kwanza timu inaweza kuongeza mwaka wa tano. Mikataba hiyo nafuu ndiyo bidhaa inayonunuliwa, wala si kijana peke yake.

San Francisco 49ers wametupa mfano ambao hata mtunzi wa hadithi angeona aibu kuubuni. Mwaka 2021 walikuwa na zamu ya 12. Wakamtaka kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuurusha, ambaye katika mchezo huu ndiye anayelipwa kuliko wote. Wakaipa Miami zamu hiyo, zamu zao za raundi ya kwanza za mwaka 2022 na 2023, na nyingine ya raundi ya tatu juu yake, ili wapande hadi ya 3. Wakamchukua Trey Lance, mkataba wa dola milioni 34 na ushee. Lance alianza mechi nne tu, akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne.

Katikati ya mkasa huo, drafti ya mwaka 2022, timu hiyohiyo ilibakiwa na zamu ya 262, ya mwisho kabisa. Anayeitwa mwisho hupewa jina la utani ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Bwana Hana Maana, na hualikwa California kwenye sherehe ya kumtania ambako hukabidhiwa sanamu ya mchezaji anayedondosha mpira. Mwaka huo Bwana Hana Maana alikuwa Brock Purdy. Desemba waliokuwa mbele yake walikuwa wameumia, akaingizwa, na nafasi ikawa yake. Februari 2024 alikuwa akicheza Super Bowl, fainali ya ligi, ambayo 49ers walifungwa 25 kwa 22 na Kansas City katika muda wa nyongeza. Mshahara wake msimu ule ulikuwa dola 870,000. Fedha zilizookolewa hapo ndizo zilizowalipa nyota waliomzunguka.

Mei 2025 mkataba wa bei ya mgeni ukafika ukingoni, Purdy akasaini miaka mitano kwa dola milioni 265. Mtu yuleyule, mkono uleule. Kilichobadilika ni hesabu, na ubishi wa mashabiki ukageuka mara moja: kwa milioni 870 elfu (samahani, hata ulimi unazoea mamilioni), kwa laki nane na sabini alikuwa muujiza, kwa milioni 53 kwa mwaka, je, bado ni mzuri? Mimi naona swali hilo ni halali kabisa, ingawa ukimuuliza mama yake sidhani kama atakubali.

Aliyeonyesha nguvu ya zamu kabla ya wote ni Jimmy Johnson, kocha wa Dallas Cowboys. Mwaka 1989 alikuwa na timu mbovu iliyomaliza msimu kwa kushinda mechi moja na kupoteza 15, na nyota mmoja tu, Herschel Walker. Oktoba akamtoa kwa Minnesota Vikings. Kwa nje ilionekana Dallas imepewa wachezaji watano na zamu kidogo. Lakini kila mchezaji kati ya wale alikuwa amefungiwa zamu: akiachwa kabla ya tarehe 1 Februari 1990, Dallas inapata zamu hiyo. Minnesota walidhani Johnson anawataka wachezaji. Johnson alitaka zamu. Wacheza drafti ya vizibo wanaujua mtego huu; unamlisha mwenzako kete moja, unamla tatu kwa mpigo. Kupitia zamu hizo Dallas walimpata Emmitt Smith, ambaye hadi leo hakuna aliyemfikia kwa jumla ya yadi za kukimbia na mpira, na wakatwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995.

Baada ya hapo Cowboys wakaamua kuzipa zamu bei. Mike McCoy, mshirika wa mmiliki wa timu katika biashara ya mafuta na gesi, akachora jedwali: zamu ya 1 pointi 3,000, ya 2 pointi 2,600, ya 16 pointi 1,000, ya 32 pointi 590. Makocha waliokuwa wasaidizi Dallas walipohamia kwingine walihama nalo. Leo shabiki anayesema "tumepigwa kwenye biashara ile" mara nyingi amejumlisha pointi.

Je, jedwali lilikuwa sahihi? Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2017, walilichunguza soko hili na kugundua kwamba timu hulipa kupita kiasi ili kupanda juu. Waliwalinganisha wachezaji wa nafasi moja ya uwanjani waliochaguliwa wakifuatana. Aliyetangulia alikuwa bora mara 52 katika 100. Ukirusha shilingi hewani utakuwa karibu hapohapo. Tom Brady, kwotabeki aliyetwaa ubingwa mara saba, alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, na hao 198 waliomtangulia walichaguliwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Watanzania tuna kidonda chetu kidogo katika hili, ingawa ni cha mpira wa kikapu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA mwaka 2009, na Memphis Grizzlies. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry, wote wawili baadaye nyota wakubwa wa ligi hiyo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Waliokosea hesabu ni Memphis. Thabeet hakujichagua mwenyewe.

Kuna upande mwingine wa ubishi, nao ni mikataba ya wakongwe. Fedha za kusaini hulipwa mapema, lakini katika vitabu vya kikomo husambazwa hadi miaka mitano. Mchezaji akiachwa kabla ya muda, kilichobaki kinaiangukia timu. Ni kama godoro la mkopo: limekwishachanika, marejesho bado. Denver walimpata kwotabeki Russell Wilson mwaka 2022 kwa zamu nne za raundi mbili za juu na vitu vingine, wakampa mkataba mpya wa dola milioni 245, na Machi 2024 wakamwacha. Dola milioni 85 zikaendelea kuhesabiwa kwao kwa misimu miwili, yeye akivaa jezi ya wengine.

Bila shaka umeshajiuliza: kama mkiani ndiko kuna zawadi, timu si zitafungwa makusudi? NBA iliogopa hivyo, ikaleta bahati nasibu mwaka 1985 ili mkia usiwe na uhakika wa zamu ya kwanza. NFL haina bahati nasibu. Mwaka 2011 mashabiki wa timu mbovu walifikia kuomba vipigo hadharani, kwa sababu chuoni Stanford kulikuwa na kwotabeki aitwaye Andrew Luck. Indianapolis Colts, ambao kwotabeki wao nyota, Peyton Manning, alikosa msimu mzima kwa upasuaji wa shingo, walishinda mechi 2 na kupoteza 14. Zamu ya kwanza ikawa yao. Machi 2012 wakamwacha Manning badala ya kumlipa marupurupu ya dola milioni 28, wakamchukua Luck kwa miaka minne ya bei ya mgeni, milioni 22.

Manning alikwenda Denver akatwaa ubingwa Februari 2016. Luck alikuwa mzuri kweli, ila mwili ulimchoka. Tarehe 24 Agosti 2019, akiwa na miaka 29, habari za kustaafu kwake zilivuja katikati ya mechi ya maandalizi nyumbani Indianapolis. Alipokuwa akiondoka uwanjani na nguo zake za kawaida, jukwaani wakamzomea.