Pazia la mbao la Harewood

Ukiingia kwenye ukumbi mrefu wa Harewood House, huko Yorkshire, Uingereza, tazama juu ya madirisha. Utaona kitambaa kizito kimekunjwakunjwa, kinaning'inia na vishada vyake. Ni mbao tupu, zimechongwa na kupakwa rangi katika karakana ya Thomas Chippendale, seremala aliyezaliwa mji jirani wa Otley. Nimetumia miaka mingi kusoma majengo ya kale, na bado mikunjo ile hunishika macho.

Nyumba ilianza kujengwa mwaka 1759 kwa ajili ya Edwin Lascelles, akahamia 1771. Ramani ni ya John Carr wa York. Robert Adam, aliyekuwa ametoka Italia karibuni, aliirekebisha hapa na pale, kisha akapewa kazi ya kupamba vyumba vya ndani. Hapo ndipo alipong'ara: katika chumba cha muziki, zulia linarudia nakshi za darini, hata ukiinamisha macho bado unaiona dari.

Kwa nje, kanuni ya zama hizo ni ulinganifu: piga mstari katikati ya mlango, na upande mmoja ni nakala ya mwingine. Ila unachokiona leo si cha Carr peke yake. Miaka ya 1840 Charles Barry aliongeza ghorofa juu ya mabawa mawili ya nyumba na kuondoa nguzo za upande wa kusini. Kwangu mimi ni hasara. Mabawa yalipokuwa mafupi, sehemu ya katikati ilisimama kifua mbele.

Na fedha? Baba yake Edwin, Henry Lascelles, alitajirikia Barbados kwa sukari, biashara ya watumwa na kuwakopesha wenye mashamba. Waliposhindwa kulipa, mashamba yalichukuliwa pamoja na watu waliotumikishwa humo. Mengi yaliangukia mikononi mwa Edwin miaka ya 1770 na 1780, vyumba vya Adam vikiwa bado vipya. Ndiyo maana siwezi kueleza dari ile bila kutaja miwa.

Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, serikali ilimlipa bwana wa Harewood wa wakati huo zaidi ya pauni 26,000 kama fidia ya watu 1,277. Watu hao wenyewe hawakupewa hata peni moja.